Mashine Iliyoikataa Nane

Mwalimu aliyenifundisha kuandika nambari nikiwa darasa la kwanza alikuja kujiandikisha chuoni kwetu Malindi muda mfupi baada ya kustaafu. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha somo la programu za kompyuta. Nilipomwona mlangoni, na buibui lake lililopigwa pasi na miwani iliyokuwa ikinitia baridi utotoni, nilisimama bila kufikiri. Vijana wa darasani waliona nimesimama, nao wakasimama, bila kujua wanamsimamia nani.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu," akajibu. Kisha akawageukia wale vijana. "Kaeni, wanangu. Msimcheleweshe."

Tangu siku hiyo darasa langu lilikuwa na walimu wawili. Nikiandika ubaoni, yeye ndiye aliyewanyamazisha wenzake. Nikikosea herufi, alikohoa mara moja, kwa adabu. Nikiuliza kama wameelewa na wote wakaitikia ndiyo, aliwageukia akawaambia, "Mnadanganya," na mara nyingi ilikuwa kweli. Nilifundisha vizuri zaidi muhula ule kuliko mihula yote iliyopita, kwa hofu tu.

Sababu ya kuja kwake ilikuwa sufuria.

Mtaani kwao kuna chama cha kina mama wanaopikiana kwenye arusi na matanga. Kwa kawaida yao hakuna anayekodi vyombo. Ikifika shughuli, kila mama huja na sufuria yake, sinia lake, mwiko wake na mbuzi yake ya kukunia nazi. Kupika si kazi, mikono iko mingi. Kazi huja baadaye, vyombo vikishaoshwa na kupangwa uani, kila mtu atambue chake. Zamani kila nyumba ilipaka doa la rangi ya kucha ubavuni mwa chombo, na ilitosha. Kisha duka la karibu likaleta rangi moja nyekundu ya bei nafuu, kina mama wote wakainunua, na sufuria za mtaa mzima zikawa na kucha za aina moja. Kuna marafiki wawili waliokosana Ramadhani moja kwa sababu ya kifuniko na wakapatana Ramadhani iliyofuata.

Mwalimu alikuwa katibu wa chama hicho. Katika mkutano mmoja alisimama akatangaza kwamba sufuria zitapewa nambari, na nambari zitachapwa na kompyuta kwenye stika zisizotoka kwa maji. Wakahesabiana palepale kwa jinsi walivyokaa mkekani. Mpishi mkuu wa pilau, mama mwenye mwili wa heshima na sauti inayofika barabarani, akapata nane. Mwenyekiti alichelewa, kama kawaida yake, akaangukia kumi.

Nilivyosimuliwa, mpishi ndiye aliyepinga.

"Mwalimu, sufuria haijui kusoma."

"Mwenyewe anajua."

"Na ikienda nyumba siyo?"

"Haitakwenda. Na hata moja ikilala nyumba isiyo yake, ukatibu nauacha. Mmesikia nyote."

"Tumesikia," akasema mpishi. "Mimi naanza kutafuta kalamu ya ukatibu."

Watu walicheka, lakini Mwalimu hakuwa akifanya mzaha, na mimi nilikuja kulijua hilo siku moja tukiwa tunangoja umeme urudi. Mume wake alikuwa ameshafariki na watoto wako Mombasa. "Shule iliponiaga ilinipa saa ya ukutani," aliniambia. "Saa nzuri, inakwenda sawasawa. Ila sina tena pa kuwahi." Ukatibu ndio uliokuwa ukimletea watu mlangoni: huyu anauliza arusi ni lini, yule anaulizia nani alete mchele. Akiukosa huo, atabaki yeye na saa.

Basi akajifunza Java, ambayo ndiyo lugha tunayofundishia kuandika programu, na akajifunza kama mtu mwenye haja. Tulipofika kwenye kuchapa nambari, akanyoosha kidole. Alitaka stika zote ziwe na tarakimu tatu, sifuri zitangulie: 001, 002, 003. Nikamwuliza kwa nini, ili wengine wasikie.

"Kwanza chama kitakua. Pili, nawajua wenzangu. Moja peke yake kwenye stika kubwa ni kama mtoto mmoja kwenye dawati la watatu, lazima atachokozwa. Mtu akiokota kalamu, moja itakuwa kumi na moja kabla pilau haijaiva."

Sijawahi kusikia sababu bora zaidi ya sifuri za mbele, na tangu hapo huitumia kila muhula. Nikawaandikia ubaoni:

String.format("%03d", nambari)

Ukiiona mara ya kwanza inatisha, nakubali, inafanana na kitu kilichoandikwa na mtoto aliyekalia kibodi. Lakini isome polepole, kipande kwa kipande. Alama ya asilimia inasema: hapa patakuja kitu. Herufi d inasema kitu chenyewe ni nambari kamili, isiyo na desimali. Tatu ni upana, yaani nafasi tatu. Na ile sifuri inasema: nafasi zikibaki wazi, zijaze kwa sifuri. Ukiipa saba inatoa 007. Ukiipa arobaini inatoa 040. Ukiipa mia mbili haiongezi kitu, maana nafasi zimeshajaa. Ni hivyo tu. Mwalimu aliandika yote kwa mwandiko wa ubaoni, akapiga mstari chini kwa rula.

Wiki iliyofuata niliitwa Kilifi kusahihisha mitihani. Nikiwa katikati ya rundo la karatasi, simu ikalia.

"Mwalimu, mashine haitaki nane."

"Haitaki vipi, Mwalimu?"

"Moja mpaka saba imepokea vizuri. Nimeandika nane, imeipigia mstari mwekundu. Nimefuta, nikaandika tena kwa upole. Mstari."

"Kuna maneno yoyote imeandika?"

"Kuna Kiingereza. Inasema nambari ni kubwa mno."

"Nane?"

"Nane, mwanangu. Kubwa mno. Na kumi imeipokea kwa mikono miwili."

"Na tisa?"

"Tisa nayo imekataa."

"Hiyo nane umeiandikaje?"

"Nimeiandika vizuri," akasema, kwa ile sauti ambayo darasa la kwanza zima liliijua, na mimi nikaona si mahali pangu kuendelea kuuliza. Msimamizi alikuwa anatukazia macho. Nikamwambia nitampigia jioni, na jioni nilipompigia akasema nisijisumbue, ameshamaliza.

Alikuwa amemaliza kwa njia yake. Mtu aliyelea watoto wa darasa la kwanza maisha yake yote hapigani na mtoto aliyekataa uji. Anamweka pembeni, anaendelea na wengine. Mashine ilipokataa nane na tisa, aliwahamishia wenye nambari hizo mwisho kabisa, wakapata nambari za mkiani. Ilipofika kumi na nane na kumi na tisa ikakataa tena, nao akawahamishia mkiani. Arusi ilikuwa Ijumaa na hakuwa na muda wa kubembeleza. Kisha akafanya lililo la haki: akatembea mpaka kwa kila aliyehamishwa, akamweleza.

Kwa mpishi alikaribishwa chai.

"Nambari yako imebadilika," akamwambia. "Kompyuta imekataa nane."

"Imeikataa nane au imenikataa mimi?"

"Nane. Inasema ni kubwa mno."

Mpishi akajitazama, kutoka mabegani mpaka mkekani alipokalia. "Imenionea wapi?"

"Si wewe, shoga yangu. Nambari."

"Na saba? Yule asiyejua hata kuchagua mchele, imempokea?"

"Saba haikuwa na taabu."

"Basi hiyo kompyuta ina watu wake," akasema mpishi, akamwongezea chai lakini hakumwongezea mahamri.

Niliporudi Malindi, Mwalimu alinionyesha karatasi za stika alizochapisha. Safu ilikuwa safi: 001, 002, 003, ikishuka bila pengo, nane ipo, tisa ipo, kumi ipo. Nikadhani lile tatizo la simu lilikuwa kosa la herufi, na kwamba ameligundua mwenyewe. Nikampongeza mbele ya darasa, na darasa likapiga makofi.

Siku ya arusi alibandika stika mwenyewe, uani, sufuria zikiwa bado zimepinduliwa. Alishika mpangilio wa nyumba kwenye orodha yake: nyumba ya kwanza stika ya kwanza, nyumba ya pili stika ya pili, na kuendelea. Aliyepanga vitu vyake kwa utaratibu hasomi tena, anabandua na kubandika. Na kina mama wenyewe hawakusoma, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kuijua nambari yake.

Arusi ilifana. Bwana arusi alikuwa wa Ngomeni, na wageni wa huko walikula wakasifu. Saa kumi jioni sufuria zikapangwa ukutani zimeoshwa, stika zinang'aa, na Mwalimu akatoa amri: kila mmoja achukue yake.

Mpishi alipita ukutani akitafuta ile nambari yake mpya ya mkiani. Njiani akakutana na 008. Ilikuwa sufuria mpya, nene chini, yenye kifuniko kinachokaa. Akasimama. Akaisoma mara mbili. Wenzake wanasema alisema, "Kumbe imejuta," akaibeba kichwani akaenda zake.

Sufuria ile ilikuwa ya mwenyekiti.

Mwenyekiti naye alikwenda kwenye 010 akakuta kitu cheusi chini, kimepinda ubavu, sufuria ya jirani anayekaanga viazi karai. Akauliza yake iko wapi. Mkaanga viazi, ambaye nambari yake ni kumi na mbili, alikuwa ameshaondoka na 012, na hiyo nayo si yake. Uani pakawa na kelele. Kila aliyekuwa na nambari chini ya nane alikaa pembeni akila halua. Waliobaki wote walikuwa na sufuria ya mtu. Moja ilipanda gari na wageni wa Ngomeni ikiwa na mabaki ya pilau ndani, ikarudi baada ya siku kadhaa inanuka papa.

Jumatatu Mwalimu aliwahi darasani kabla ya mtu yeyote. Hakunisalimia. Akaweka kompyuta yake mezani kwangu, akaifungua, akakaa na mikono mapajani.

"Nimeaibika, Mwalimu. Nataka kujua ni mimi au ni mashine. Mkutano ni kesho."

Nikaipitia programu yake. Ilikuwa nzuri, imepangwa kama daftari la ukaguzi, na ule mstari wa kuchapa ulikuwa sahihi kabisa. Kisha nikapanda juu, pale alipoziorodhesha nambari zenyewe, nikaona: 001, 002, 003, 004.

"Mwalimu, hizi sifuri za huku juu umeziandika wewe kwa mkono?"

"Nilitaka stika ziwe na sifuri."

Nikavuta kiti. Nitalieleza hapa kama nilivyomweleza yeye, maana kosa hili hulifanya watu wengi na hakuna haja ya kulionea haya.

"Ukienda sokoni," nikamwambia, "machungwa yanauzwa kwa mafungu. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Fungu ni machungwa mangapi?"

"Inategemea muuzaji."

"Hapo hapo. Sisi tunapoandika kumi, yaani moja na sifuri, tunasema fungu moja na hakuna la ziada. Na fungu letu ni la kumi. Lakini Java ukiiandikia nambari inayoanza na sifuri, inakuchukulia kama muuzaji mwingine. Fungu lake ni la nane."

Akatazama skrini. "Kwa hiyo nikiiandikia sifuri, moja, sifuri..."

"Inasoma fungu moja, hakuna la ziada."

"Nane. Ndiyo maana mwenyekiti akawa nane."

"Na kumi na mbili?"

"Fungu moja na mawili ya ziada. Nane na mbili. Kumi." Akafunga macho. "Viazi karai."

"Na kwa nini ilikataa nane yenyewe?"

Hapo sikumsaidia. Mtu akikaribia kufika mwenyewe, mwache afike. Alihesabu kwa vidole juu ya meza, taratibu.

"Kwa sababu ukifikisha nane umeshafunga fungu," akasema. "Hakuwezi kubaki manane ya ziada. Kwake yeye tarakimu ya nane haipo. Tisa haipo."

"Haipo."

"Nani aliweka mambo haya?"

"Ni ya zamani, Mwalimu. Lugha hii iliyarithi kwa lugha nyingine zilizoitangulia."

"Na hakuna aliyeyafuta?"

"Wameyazoea."

"Kama sisi na rangi ya kucha," akasema.

Kisha nikamweleza la pili, ambalo ndilo la kukumbuka hata ukisahau mengine yote. Nambari haina sifuri mbele. Saba ni saba. Sifuri ni vazi la kutokea nje. Mwanamke akiwa jikoni kwake anavaa kanga, na buibui analivaa akifika mlangoni. Ndani ya programu iache nambari na kanga yake: 7, 8, 10. Ule mstari wa String.format ndio mlango, na hapo ndipo inapovishwa. Yeye alikuwa ameivisha buibui jikoni, na mashine ikadhani ni mgeni.

Akafuta sifuri zote za juu, moja moja. Akarudisha nane na tisa mahali pao. Hakuna mstari mwekundu uliotokea. Akachapa, zikatoka zimevaa vizuri, kila moja kwa mwenyewe.

Nilitarajia atafurahi. Akabaki anaitazama skrini.

"Nilikwenda kwa mtu mzima," akasema, "nikanywa chai yake, nikamwambia amekataliwa."

Kesho yake nilialikwa mkutanoni kuthibitisha, lakini sikuhitajika kusema neno. Mwalimu alikuja na kapu la ndimu. Akazipanga mkekani mafungu mawili, moja la kumi na moja la nane, akaeleza yote, na kina mama wakaelewa upesi kuliko darasa langu lolote. Wengi wao wamewahi kupunjwa sokoni.

"Kwa hiyo kompyuta ni muuzaji wa mafungu madogo," akasema mkaanga viazi.

"Ukimwekea sifuri mbele, ndiyo."

"Na sufuria yangu?" akauliza mwenyekiti, akimtazama mpishi.

"Mimi sikuiba," akasema mpishi. "Nilisoma. Imeandikwa nane."

"Na hukuona kwamba ni mpya?"

"Niliona. Nikasema Mungu ametenda."

Walipomaliza kucheka Mwalimu alikuwa bado amesimama. Akatoa mkobani muhuri wa chama na kalamu, akaviweka mkekani mbele ya mwenyekiti.

"Nilisema sufuria hata moja ikilala nyumba siyo, ukatibu nauacha. Zimelala nyingi."

"Mwalimu, yale yalikuwa maneno tu," akasema mwenyekiti.

"Nimewafundisha watoto wenu kwamba mtu akisema kitu amesema. Wapo wengine wamekuwa mahakimu. Mnataka wanisikie leo nageuka?"

Nilimtazama usoni na kuona kwamba alikuwa ameiwaza saa yake ya ukutani na ameamua kurudi kwake vivyo hivyo. Kisha mkaanga viazi akasema, bila kumtazama mtu, "Kuna mtu hapa alisema ameanza kutafuta kalamu."

Macho yote yakamwendea mpishi.

"Nilikuwa natania," akasema mpishi.

"Kalamu hiyo hapo."

"Mimi sijui hata pa kuiwashia hiyo mashine."

"Utafundishwa," akasema mwenyekiti, ambaye alikuwa bado hajasamehe kisa cha sufuria yake, na mikono ikanyooshwa, na mpishi akawa katibu kabla hajapata nafasi ya kufunga leso yake vizuri. Akaugusa ule muhuri kwa ncha ya kidole. Kisha akamgeukia Mwalimu, na sauti ilikuwa ya chini kuliko nilivyodhani anaweza kuishusha.

"Nije lini?"

"Kesho," akasema Mwalimu. "Saa kumi. Usichelewe."

Darasani kwangu Mwalimu hakurudi. Wiki ya kwanza nilidhani anaumwa, ya pili nikaanza kuhofu. Vijana walianza tena kuitikia ndiyo kila nikiwauliza kama wameelewa, na hakukuwa na wa kuwasuta. Mwishowe nikamfuata nyumbani, na nilimsikia kabla sijafika.

Barazani palikuwa na mpishi, mwenyekiti, mkaanga viazi na mama mmoja nisiyemfahamu, wote wameizunguka kompyuta moja iliyowekwa juu ya kiti. Mpishi alikuwa anagombana.

"Wa kwanza kwenye orodha, kompyuta inamwita wa sifuri? Nani kasema? Mimi nikisimama wa kwanza kwenye foleni, mtu akaniita sifuri, nitampiga mwiko."

"Soma tena mstari wa pili," Mwalimu akamwambia. "Polepole. Na wewe, mwenyekiti, umefika saa kumi na robo. Nimekuona."

Nikapiga hodi. Nikamwambia nimekuja kuuliza mbona haonekani chuoni, na kwamba ada yake bado ina muhula mzima.

Akanitazama juu ya miwani. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye ukingo wa buibui, na kwenye ukuta wa baraza, pale penye rangi ya kijani, alikuwa amejitengenezea ubao.

"Mwalimu, mimi sasa nina darasa," akasema. "Ukitaka kunifundisha lolote ningoje tumalize. Karibu ukae. Pale nyuma, karibu na ukuta, pana baridi."

Nikavua viatu nikaenda kukaa.